Mafuta ya njano: Ijumaa moja ya mfugaji wa Pongwe

Ukimwambia mtu kuwa unafuga ng'ombe Tanga, swali lake la kwanza ni lita ngapi kwa siku. Mji wetu unajulikana kwa maziwa, na wanaokamua wanastahili sifa hiyo. Mimi sikamui kwa kuuza. Nafuga maksai wa nyama ng'ambo ya Pongwe, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge. Wanachungwa, wanakula majani mpaka wafikie uzito wa kuchinjwa. Ijumaa mbili za mwezi nachinjisha mmoja, na shemeji yangu ananiachia gogo na mizani kwenye bucha lake Ngamiani niuze mwenyewe. Hii ni Ijumaa iliyopita, mwezi wa sita, masika yametoka kuisha.

Saa nane usiku niko machinjioni. Yule maksai mwekundu alifika tangu Alhamisi mchana na kibali chake cha kusafirishwa, akakaguliwa akiwa hai, akapewa maji, akapumzika. Hapo huwa sikubali haraka. Mnyama aliyechinjwa akiwa amechoka na ametaharuki, nyama yake hutoka nyeusi na haikai. Nilimnunua ndama kutoka Handeni na nimemlea kwa mikono yangu, kwa hiyo nasimama pale mpaka mwisho. Mchinjaji akamlaza kuelekea kibla, akasoma bismillahi, kazi ikaisha.

Kisha mkaguzi wa nyama. Watu wanadhani kazi yake ni kugonga muhuri tu. Anapasua mashavu kutafuta tegu, anachana tezi, anapapasa mapafu, anafungua moyo. Alipofika kwenye ini akanyamaza, akanionyesha: mishipa imekakamaa, na alipoikamua wakatoka minyoo bapa kama majani madogo. Ini lote likatupwa. Sikubisha, maana najua chanzo. Wakati wa masika maji yalituama bondeni, konokono wanaobeba minyoo hiyo wakajaa, na mimi nikaacha ng'ombe wanywe palepale kwa sababu ni karibu. Lilikuwa kosa langu, na mama mmoja alikuwa ameshaagiza ini hilo. Sehemu nyingine zote zilikuwa safi, muhuri ukagongwa.

Saa kumi na mbili asubuhi nyama iko kwenye kulabu, kilo 138 pamoja na mifupa. Kuanzia hapo mpaka saa tatu ni panga, mizani na chenji. Ijumaa Ngamiani inanukia pilau tangu asubuhi. Nundu ikaisha kabla jua halijachomoza vizuri, mbavu zikafuata, na mwenye ini lake nikamwomba radhi, akachukua figo.

Saa tatu na robo akaingia mzee mmoja mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Aliagiza kwa simu tangu Jumatano kilo 15 za hitima ya ndugu yake, nami nikamwekea paja zima la nyuma pembeni. Wengine walipoliulizia niliwaambia lina mwenyewe.

"Mwenye bucha yuko wapi, binti?"

"Shikamoo baba. Leo ni mimi."

"Marahaba." Akalizunguka paja, akaligusa kwa ncha ya kidole. "Haya mafuta mbona ya njano? Umenichinjia kikongwe."

Nikamweleza kwa adabu. Ng'ombe anayekula majani mabichi anakula ile rangi iliyomo kwenye majani, ndiyo inayofanya karoti ziwe karoti, nayo inajikusanya kwenye mafuta yake. Anayefungiwa na kulishwa pumba na mashudu mafuta yake huwa meupe. Baada ya masika, majani yakiwa mabichi hivi, mafuta yanakuwa kama siagi.

"Mwanangu, mimi nimekula nyama kabla hujazaliwa. Njano ni uzee."

Na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu hakuwa amekosea kabisa. Ng'ombe mzee naye huwa na mafuta ya njano, maana rangi ile imejikusanya miaka mingi. Rangi peke yake haiwezi kuniamulia. Foleni ikaanza kuwa ndefu. Kijana mmoja nyuma akasema hata yeye anaona njano. Dada aliyeshika kilo mbili tayari akaziweka chini, akasubiri kusikia. Mzee akapiga simu kwa mtu, akaweka sauti ya juu, akamwelezea rangi ya nyama yangu mbele ya watu wote, na yule mtu, ambaye hajaiona, akasema asichukue.

Nikavuta beseni. Kichwa kilikuwa bado hakijanunuliwa. Nikakiweka juu ya gogo, nikausukuma mdomo wa chini kwa kidole gumba.

"Baba, tazama mwenyewe."

Ng'ombe mbele ana meno ya chini tu, manane. Ya utoto ni membamba na madogo. Yakitoka ya ukubwani yanatoka mawili mawili kuanzia katikati, mapana kama kucha ya dole gumba. Huyu alikuwa na mapana manne katikati, na pembeni, huku na huku, mawili mawili bado ya utoto. Mwenye kinywa hicho ni wa miaka mitatu na kitu. Mzee angekuwa na mapana yote manane, tena yamesagika.

Akatoa miwani mfukoni, akainama. Bucha zima likainama naye. Akahesabu kwa kidole bila kugusa.

"Kweli. Huyu ni kijana."

Dada akazichukua kilo zake mbili. Nikashika kisu nianze kukata, na mzee akasema taratibu, bila ubaya, "Lakini binti, wageni wangu hawatayaona meno. Watayaona mafuta."

Akachukua kilo nane, nikamparuzia mafuta yote. Tulikuwa tumetumia karibu dakika arobaini.

Baada ya hapo sikutazama saa. Nilikuwa na kilo saba za paja nililolificha kwa ajili yake, wateja wa asubuhi wameshaenda kwingine, na jua limepanda. Mama lishe wa jirani ndiye aliyeniokoa. Yeye haulizi rangi. Nyama ya malisho anaijua: haina mafuta mengi ndani, ukiiwashia moto mkali inakaza, kwa hiyo anaitia papai bichi na kuiacha kwenye mkaa wa taratibu. Akazichukua zote kwa bei ya chini, nusu taslimu, nusu kesho. Nikaosha gogo na visu kwa maji ya moto na chumvi mpaka vidole vikakunjamana.

Nilikuwa kwenye daladala ya kurudi Pongwe mchungaji aliponipigia.

"Dada, kuna ndama amebaki nyuma. Ameinamisha kichwa tu, hanyonyi."

Nikamwambia amshike masikio. Yana moto. Nikamwambia apapase chini ya sikio. Kuna uvimbe, akasema, kama yai la njiwa.

Hiyo kwetu ni ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, mpaka ithibitike vinginevyo. Tunapulizia dawa ya kupe kila wiki, lakini kwenye majani marefu ya wakati huu inatosha kupe mmoja kufichama ndani ya sikio, bomba lisimfikie. Nikashuka njiani, nikaingia duka la dawa za mifugo. Dawa yake ni ghali, na kwa ndigana siku moja ya kusubiri ni nyingi. Fedha ya mama lishe yote ikaishia pale, nikaongezea ya yule mzee.

Nilifika giza limeingia, bado nina damu ya asubuhi kwenye viatu. Kipimajoto kikasoma 40.9. Mchungaji akamshika shingo, nikampiga sindano, na kesho kutwa nitarudia. Kupe alikuwepo, ndani kabisa ya sikio la kushoto, amevimba kama punje ya kunde. Nikamtoa. Mama yake ndama alikuwa amesimama upande wa pili wa boma analia, nikamfungulia aingie. Ndama akanyanyua kichwa, akanyonya mara tatu au nne, akaacha.

Nikatandika gunia pembeni yake, nikakaa.