Nilivyootesha muiri baada ya kufeli mara mbili

Kwanza nieleze muiri ni nini maana kuna watu wanadhani cheri ni za Japani tu. Huu ni mti wa cheri wetu, Prunus africana, ukoo mmoja na sakura, ile cheri ya maua ya Japani, unamea porini kwa misitu ya milima na huku kwetu Nyeri ukipanda upande wa mlima bado utaupata. Maua yake si ya kupigia selfi, ni madogo meupe kama maziwa yamejipanga kwa kijiti, lakini nyuki wanayapenda vibaya sana. Ukitaka kuujua, fikicha jani unuse, linatoa harufu ya lozi chungu, na kikonyo chake ni pinki hivi. Gome ni jeusi limepasukapasuka na ndilo limeuponza, maana linatengenezwa dawa ya tezi dume, watu wakalichuna mzunguko mzima mti ukakauka umesimama, mpaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Sasa mimi nikataka yangu. Mara ya kwanza nikanunua mbegu kavu, sijui zilikuwa zimekaa miezi mingapi, hakuna hata moja iliota. Ya pili nikaokota matunda chini ya mti wa guka (babu) jirani, nikaanika mbegu juu ya mabati wiki nzima vile tunafanyia mahindi, nikapanda nikamwagilia miezi mitatu, bure kabisa.

"Guka, mbegu zako zimekataa."

"Ulizianika?"

"Eeh."

"Basi uliziua wewe."

Kumbe hii mbegu haitaki kukauka wala kuwekwa stoo. Ya tatu nikangoja matunda yawe zambarau, nikayasugua na mchanga mpaka nyama ikatoka, nikasuuza, zikakaa kivulini siku moja tu nikapanda kesho yake, mchanga na udongo wa msitu nusu kwa nusu, nyasi kavu juu. Maji kila asubuhi. Wiki ya sita nikaona kijani, aki nilipiga kelele bibi akadhani ni nyoka!

Kati ya 200 ziliota kama 130, panya wakala zingine, zilizobaki nikahamishia kwa pakiti za maziwa. 40 ziko mtoni sasa, zimenifika magotini. Guka alichukua tano, akasema mbegu zilikuwa zake kwa hivyo halipi kitu.