Robo ya Tatu

Asubuhi hii nilipokuwa nabadilisha kanula, kijibomba laini ambacho pampu yangu hupitishia dawa chini ya ngozi, insulini ilinidondokea kwenye shuka na chumba kizima kikanuka. Wenye kisukari wenzangu mnaijua harufu hiyo, kali, ya dawa, kama plasta inayobanduliwa kwenye karatasi yake. Kinachonuka ni dawa ya kuhifadhia inayotiwa ndani yake. Kila nikiisikia mahali pasipo pake moyo hushtuka, nikajiona tena kwenye ule ukumbi wa Leeds, Uingereza, mwaka aliokuja Mama kunitembelea.

Ilikuwa mechi ya mpira wa pete, ligi ya wanawake, baridi ya Januari imetanda nje. Nacheza senta, na senta hatulii. Uwanja karibu wote ni wake, kasoro zile nusu duara mbili za wafungaji. Robo nne za dakika 15. Saa moja kabla nilikuwa nimeipunguza pampu ikawa inatoa nusu tu ya insulini ya kawaida, maana misuli ikikimbia hula sukari bila kuhitaji insulini nyingi. Nimekula ndizi, sukari ya damu 8.4, pampu nimeifunga kiunoni chini ya fulana.

Robo ya pili niliruka kukatiza pasi. Mpinzani naye karuka. Tulipokuwa tunashuka kidole chake kikanasa kwenye mrija wa pampu. Nilihisi mvuto tumboni, mfupi, hata haukuuma. Nikaudaka mpira, nikampa mwenzangu. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia tena ndipo harufu iliponifikia.

Ukumbi mzima unapiga kelele, mimi nanusa. Nikapitisha mkono chini ya fulana: majimaji. Plasta imebanduka upande mmoja, kanula iko nje, imepinda. Pampu haikuwa na habari. Iliendelea kusukuma dawa kwenye kitambaa, na kioo chake kikaonyesha 7.9, mambo shwari, kwa sababu kihisi, kile kipimo cha sukari kinachokaa chini ya ngozi, huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Anayejidunga ana insulini ya muda mrefu mwilini, akiba inayomshikilia. Sisi wa pampu hatuna akiba hiyo. Ikikatika, baada ya saa chache tu ketoni, zile tindikali za hatari kwenye damu, zinaanza kupanda. Nikanyoosha mkono kumwita mwamuzi.

Mama alishafika ukingoni kabla ya mtu yeyote. Hakusema neno. Tukaingia korido ya kwenda vyooni, begi langu kalibeba yeye.

Huyu ndiye aliyenidunga tangu nina miaka tisa, Tanga, vichupa vya insulini tukivitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mtungi wa maji, kwa kuwa umeme haukuaminika. Vidole vyake vilijua kila mahali pa mapaja yangu pasipouma. Kisha nikaja Uingereza, nikapewa pampu bila kulipa senti, na kazi yake ikachukuliwa na kimashine asichokijua. Tangu afike alikuwa akikitazama kwa mbali.

"Nishike nini?" aliuliza.

Nikampa ncha ya mrija mpya. "Tazama hapo, Mama. Niambie tone likitoka."

Nikabonyeza pampu ijaze mrija. Akausogeza kwenye taa, miwani imemteremkia puani, akaugonga kwa ukucha, vile vile alivyokuwa akiigonga sindano. Kiputo kikapanda. Likatoka tone. Akangoja la pili, na la tatu.

"Hewa imekwisha," alisema. "Weka."

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Yake haikutetemeka. Nikaichomeka kanula upande wa pili wa tumbo, naye akaikandamiza plasta pembe zote kwa kidole gumba, taratibu, akarudia tena.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mapumziko nilikuta sukari imepanda hadi 12.8, nikaweka dozi ndogo kuliko kawaida kwa sababu mbio zilikuwa bado, nikarudi uwanjani robo ya tatu. Tulifungwa. Saa nane usiku sukari ikashuka hadi 3.6, maana misuli huendelea kurudisha akiba yake saa nyingi baada ya mchezo. Mama alikuwa macho, glasi ya juisi mkononi.

Ile robo ya tatu hatujaelewana hadi leo. Yeye anasema kanula mpya ilikuwa ingojwe kwanza, ijulikane kama inapitisha dawa, na hakuna mchezo usiosubiri. Mimi namtajia Gary Mabbutt, mwenye kisukari kama changu, aliyekuwa nahodha wa timu ya soka ya Tottenham akanyanyua Kombe la FA mwaka 1991. "Yule si mwanangu," hunijibu.

Na bado, binti wa jirani huko Tanga alipogundulika na kisukari, walimu wakamtoa kwenye timu, Mama ndiye aliyevaa baibui akaenda shuleni kudai arudishwe. Akarudishwa. Nilipompigia simu kumuuliza imekuwaje kwa yule ruhusa na kwangu ugomvi, alisema yule anatumia sindano, na sindano yeye anaijua.