Birika jekundu

Jana asubuhi nilifungua swichi, na kabla sijapiga stata mwanangu akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Baba, hilo birika jekundu linamwaga chai?" Nikamwambia ni oili. Injini ikawaka, birika likazimika, tukaondoka. Hadi shuleni sikuongea tena. Nilikuwa nimesharudi Mikindani, Agosti 2016, chini ya mwembe wa yule fundi mzee.

Gari ni lile jeupe la Mzee, baba yangu. Tulikuwa tunatoka Lindi, taa ikawaka pale Mingoyo, injini ikiwa ya moto. Ukikanyaga mafuta taa inazimika, ukiachia inarudi. Mzee alizima injini palepale, tukavutwa na lori hadi Mtwara mjini. Fundi wa kwanza alisikiliza muungurumo kidogo tu, akahukumu: pampu ya oili imekufa, beringi zimekwisha, injini ishushwe. Pesa aliyotaja nyumbani haikuwepo. Wiki hiyohiyo Mzee akaenda shambani Nanyamba, akauza kangomba: korosho ambazo bado zilikuwa maua mtini, kilo shilingi 1,200.

Siku ya kupeleka pesa gereji, jirani akatusihi tupitie kwanza Mikindani.

Maji yalikuwa yamekupwa, ghuba inanuka matope. Yule fundi mzee hakugusa spana kwanza. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena: oili ipo kwenye alama. Akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, akaitazama juani kama ina chembe za chuma. Akaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho.

"Mwanangu, kaa kwenye usukani. Macho kwenye taa tu, uwe unaniambia."

Nikakaa. Tukaiacha injini iungurume hadi ikapata moto, birika likawaka.

"Imewaka, babu!"

Akachomoa waya kwenye sensa, kile kidude kinachowasha taa presha ya oili ikishuka.

"Imezimika!"

Akaugusisha waya kwenye chuma cha injini.

"Imewaka!"

Mzee wangu akapiga makofi, akasema basi, kumbe ni sensa. Yule babu akatikisa kichwa. "Bado, kaka. Hapo nimejua waya mzima. Nikiuchomoa taa lazima izimike, hata kama presha ndani imekwisha kweli. Sensa haijanieleza kitu."

Sentensi ile sijaisahau. Akazima injini, akafungua sensa, akafunga geji ya presha kwenye tundu lake, akaniambia niwashe. Safari hii niliacha kutazama taa, nikatazama uso wa Mzee. Alikuwa ameinama juu ya boneti, mkono mmoja umeshika mfuko wa shati zilimokuwa pesa za korosho. Mshale wa geji ukapanda, ukatulia kwenye paundi 20. Sensa ya namna ile huwasha taa presha ikishuka kwenye paundi tano hivi. "Kanyaga hadi mizunguko 3,000." Mshale ukapanda hadi 50, haukutetemeka. Babu akaishika ile sensa kuukuu, akatuonyesha oili iliyovuja hadi upande wa waya. Imechoka ndani, akasema, inachelewa kukata njia ya umeme, ndiyo maana inamsingizia mwenzake, pampu.

Sensa mpya tuliipata mjini kwa shilingi 15,000. Kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Mzee alirudi kwa mnunuzi na pesa yote mkononi, akakataliwa. Makubaliano ni makubaliano. Msimu ule kwenye minada kilo ilipita shilingi 3,000, na sisi tulikuwa tunabeba magunia kwenda kwa mtu mwingine. Mama hakusema neno. Alikuwa akishona midomo ya magunia, uzi anaukata kwa meno.

Kwa miaka mingi nilimchukia fundi wa kwanza. Siku hizi sina hakika. Dalili alizoziona hata pampu iliyokufa huzitoa, na sisi hatukumuuliza swali moja tu: umepimaje?

Jioni mwanangu akauliza kama birika limejaa. Nikafungua boneti, nikampa kitambaa, nikamwachia akichomoe kijiti mwenyewe.