Bibi alizaliwa mwaka gani?

Kitambulisho cha taifa cha bibi yangu, mzaa mama, kilisema alizaliwa tarehe 1 Julai 1940. Wazee wengi wa kwetu Nachingwea wana Julai hiyo hiyo. Karani aliuliza, bibi akamkodolea macho, karani akajijazia.

Sisi wajukuu tulikuwa na hesabu nyingine. Bibi alisema Wazungu wa karanga walipoleta matrekta yao, yeye alishatoka unyagoni. Mradi ule wa Waingereza ulianza 1947, ukafa 1951 bila karanga za maana. Basi 1940 haiwezekani. Mimi nasema 1934 au hapo karibu.

Walichotuachia ni reli ya Mtwara, nayo ikaja kung'olewa baada ya uhuru. Bibi aliisikitikia reli kuliko alivyousherehekea uhuru wenyewe. Desemba 1961, mwenge ukipandishwa Kilimanjaro, yeye alikuwa amempakata mama yangu, mchanga bado, ana surua. Alikumbuka ngoma za majirani usiku kucha na mtoto asiyelala.

Baadaye Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakaweka kambi Nachingwea. Nilipenda kumuuliza kama alimwona Samora Machel. "Mie niliona vijana wana njaa," alijibu. Aliwauzia mihogo.

Habari za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na mikorosho aliyoiacha, hakutaka kuzizungumza. Sikumsukuma.

Ila ukitaka chai ipoe mkononi mwake, taja daraja la Mkapa. Kabla ya 2003, masika yakiingia kusini ilikuwa kama kisiwa: basi linazama matopeni, na ukifika Rufiji bado unasubiri kivuko cha Ndundu. Mjomba wangu mdogo alifia Dar es Salaam mwaka 1998, mvua za El Nino zimefunga barabara, akazikwa mama yake hayupo. Daraja lilipofunguliwa bibi alipanda basi peke yake, akaenda kuliona kaburi la mwanawe. Hakuna kiongozi aliyemsifu kama alivyolisifu lile daraja.

Alifariki Machi 2021, wiki moja na Rais Magufuli. Matangani kwetu watu walikaa mkekani wakisikiliza redio, mazungumzo yote ni ya Ikulu. Nilikereka kidogo, nakiri.

Siku ya kuandika kibao cha kaburi, mjomba mkubwa alishikilia 1940, maana ndivyo karatasi zinavyosema na mirathi ingali mbele. Mama alitaka 1934. Fundi alisubiri na rangi yake mpaka saa kumi jioni, kisha akaandika mwaka wa kufa tu.