Barafu inayozama

Jana jioni niko zangu Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, na mihogo na soda, nafungua kizibo ikafanya fsss ikanirukia kanzu yote, na papo hapo akili ikaenda Ganymede, ule mwezi mkubwa wa Jupita, wallahi sijui nina nini. Lakini angalia, gesi ilitulia ndani ya soda sababu ya presha tu, ukiitoa inakimbia. Sasa huko Ganymede bahari iko chini ya barafu, na kule chini kabisa presha inapita mara 6,000 ya hewa yetu hapa, maji yakibanwa hivyo yanaganda barafu ya aina nyengine, nzito kuliko maji, haielei, inazama! Inakaa chini kama zege. Na zege hiyo ndio tatizo kwa wanaotafuta uhai kule, inaikatia bahari njia ya kugusa mwamba, na chumvi na madini hutoka kwenye mwamba (japo wako wanaosema chumvi yaweza kupenya barafu hiyo). Europa, mwezi mwengine wa Jupita, ni ndogo, presha haifiki huko, maji yake yadhaniwa yanagusa mwamba wenyewe, mimi naegemea hapo. Chombo cha anga cha JUICE, cha kwenda kuichunguza miezi hiyo, kiliruka 2023, kufika Jupita ni 2031. Doa la kanzu bado halijatoka.