Alijuaje?

Lindi, Alhamisi. Saa nne usiku.

Vidole vyangu bado vina wino wa maka pen. Nimevisugua kwa ndimu, nikavisugua kwa sabuni ya mche, wino hautoki. Leo nimemaliza kipindi ambacho nimekuwa nikikiogopa tangu muhula uanze, na sitaki kulala kabla sijakiandika. Nikingoja mpaka kesho nitakikumbuka kwa namna inayonipendeza mimi.

Nafundisha historia. Mtoto akiingia Kidato cha Kwanza, mojawapo ya mada za mwanzo anazokutana nazo ni vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, makumbusho. Anaandika faida za kila kimoja, anaandika hasara, anakariri. Muulize hasara za masimulizi ya mdomo, atakutiririshia kama anasoma dua: yanatiwa chumvi, yanasahaulika, msimulizi hupendelea upande wake. Anapata vema zote. Jioni anarudi nyumbani, anashika simu ya mama yake, anasikiliza klipu ya mtu asiyemjua na anaamini kila neno. Nimeisahihisha ile orodha kwa kalamu nyekundu miaka mingi, na kwa miaka mingi hiyo sikuwahi kujiuliza ina kazi gani nje ya chumba cha mtihani.

Wiki mbili zilizopita niliwapa Kidato cha Tatu swali moja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu, nini kilitokea hapa Lindi? Kila mmoja aende akatafute, arudi na chanzo kimoja. Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, aliyepata ujumbe wa WhatsApp aunukuu kwa mkono, neno kwa neno, na alama zake zote za mshangao.

Sharti hilo la kunukuu lilitokana na kanuni za shule tu, sikulifikiria zaidi ya hapo. Kumbe ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko maelezo yangu yote. Mtu akisoma ujumbe kwenye simu macho yanateleza. Akiunukuu kwa kalamu, herufi moja moja, anafika kwenye neno "leo usiku" na kalamu inasita: leo gani? Binti mmoja alikuja na karatasi yake amechora duara pale penye "leo", pembeni ameandika kwa penseli, "haina tarehe". Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Tulibandika vyote ukutani kwa gundi ya maji. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, niliyoichapisha mimi. Kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia vitumbua, kina alama ya mafuta katikati. Masimulizi ya bibi wa Mtanda. Masimulizi ya nahodha mmoja wa diko la samaki. Na karatasi kumi na moja zilizotoka kwenye WhatsApp.

Gazeti lilituchukua dakika nyingi kuliko nilivyopanga. Linazungumzia Mafia na Kilwa. Lindi mjini hatumo. Kijana wa dawati la mbele akauliza, "Kwa hiyo, madamu, sisi hatukupatwa?" Mwenzake akamjibu kuwa wao paa la jiko liliondoka. Wakabaki wanatazamana. Niliwakumbusha kuwa mvua zile zilikata barabara kuu pale Somanga, magari ya kutoka Dar es Salaam yakakwama, na hata magazeti yenyewe hayakuweza kufika. Mwandishi huandika alikofika au alikopigiwa simu. Gazeti kutotutaja hakuna maana kuwa halikutokea jambo, na paa la jiko lao kuondoka hakulifanyi gazeti kuwa la uongo. Hili lilikuwa gumu kwao. Walitaka mmoja awe mwongo.

Taarifa ya hali ya hewa nayo ilikuwa na ugumu wa namna yake. Niliwaonyesha ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, na jinsi kila taarifa inavyotaja uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake. Hawakuwa wamewahi kuyaona maneno hayo, ingawa wameyasikia redioni tangu utotoni. Wao walijua jambo moja tu: "Walisema 2019 kitakuja, hakikuja." Ni Kimbunga Kenneth wanachokisema. Aprili 25, 2019, shule zilifungwa Mtwara, watu wakahamishwa pwani, tukangoja. Kwetu ikapita mvua na upepo. Mitaani ikawa kicheko, eti wataalamu wametudanganya. Usiku ule ule kile kimbunga kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu Wamakonde wa upande wa pili, na Msumbiji ikazika watu zaidi ya 40. Niliweka ramani mezani, nikamwita binti mmoja apime kwa kidole toka Mtwara hadi pale kilipotua. Kidole kimoja na nusu. Darasa lilinyamaza. Tuliita uongo kitu kilichotukosa kwa kidole kimoja na nusu.

Nahodha ndiye aliyenifurahisha. Wanafunzi waliomhoji walikwenda wakiamini watapata elimu ya wazee ya kuipambanisha na redio: mzee anasoma bahari, vijana wanasoma simu. Mzee akawavurugia. Aliwaambia Alhamisi ile aliona bahari inavimba na upepo hakuna, mawimbi marefu yanakuja toka mbali kama yametumwa, na mwezi wa tano ni wakati wa kusi kuanza, si wakati wa bahari ya namna ile. Alipoona hivyo akafanya nini? Akafungua redio, TBC Taifa, asikie wenzake wa hali ya hewa wanasemaje. Vilipoafikiana, akavuta ngalawa juu, akaifunga kwenye mnazi kwa kamba mbili. Yaani mzee ambaye hajawahi kusikia mada ya vyanzo vya historia anaifanya kila siku, kwa sababu akikosea anakufa.

Sasa zile karatasi kumi na moja.

Zote zilinukuu ujumbe mmoja wa sauti. Mwanamke analia, anasema bahari imepanda, Kitunda, hapo ng'ambo ya maji, imezama, watu wanaokotwa. Wapo walionukuu maneno yote, wapo walionukuu maelezo yaliyoandikwa chini yake. Kijana mmoja hodari sana wa hesabu akasimama akafanya hesabu yake: "Madamu, kumi na moja wanasema imezama, wanne hawasemi. Wengi wape." Nikamwomba aje mbele achore mshale toka kila karatasi hadi kwa aliyempelekea. Grupu la kwaya, grupu la wafanyabiashara wa soko, shemeji wa Masasi, jirani. Halafu nani aliwapelekea hao. Mishale ikaanza kukutana. Tulipofika mwisho kulikuwa na sauti moja isiyo na jina, na juu yake yale maneno ya simu kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Kijana akasimama na chaki yake mkononi muda mrefu. Akasema polepole, "Kumbe ni mmoja."

Hapo ndipo dawati la nyuma mkono ukainuka. Ni kijana anayevuka kwa boti kila asubuhi. Ni mkimya, tangu Kidato cha Kwanza sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo madamu".

"Mimi nakaa Kitunda."

Tukageuka wote.

"Usiku ule nilikuwepo. Mnazi uliangukia banda la kuku, kuku wanne wakafa. Maji yalijaa uwanjani kwa mvua. Bahari haikupanda." Akameza mate. "Asubuhi shangazi yangu wa Mbagala alimpigia baba simu analia, anauliza miili mingapi imepatikana. Baba akamwambia sisi tupo tunakunywa uji. Akabisha. Akasema ameisikia kwa masikio yake. Akabisha mpaka baba akanipa mimi simu. Na mimi, madamu, nilivyokata simu nilitoka tena nje kwenda kuangalia bahari."

Nimekaa nalo tangu saa tano asubuhi. Mtoto aliyelala pale, aliyeamka pale, mwenye uji wa Kitunda kikombeni, alitoka nje kuhakikisha kama kweli hakuzama. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha kuwa shahidi aliyeona ana uzito kuliko anayesimulia. Sikuwa nimejiandaa kwa shahidi anayetikiswa na sauti ya simu mpaka anayatilia shaka macho yake.

Tukaandika ubaoni swali moja kubwa: ALIJUAJE? Tukalipeleka kwa kila karatasi ukutani. Nahodha alijuaje? Aliona, akasikiliza, akalinganisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa walijuaje? Wana vituo, wana picha za satelaiti, nao wanasema uwezekano, hawaapi. Bibi wa Mtanda alijuaje? Alikuwa ndani ya nyumba yake, anajua ya nyumba yake. Mwanamke wa klipu? Kimya.

Binti mmoja, yule wa duara kwenye "leo", akauliza kama basi aliyekuwepo ndiye wa kuaminiwa siku zote. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana nilikuwa karibu kufunga kipindi kwa jibu jepesi. Nikawarudisha Majimaji. Vita vile vilianzia mkoani kwetu hapa hapa, Nandete, milima ya Matumbi, Julai 1905, kwenye mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Takwimu rasmi ya Wajerumani inataja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Matumbi na kwingineko miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wajerumani walikuwepo. Tena waliandika wakati ule ule, kwa wino, na mihuri juu. Gwassa alikuja zaidi ya nusu karne baadaye, akasikiliza masimulizi ya mdomo, yale yale ambayo daftari linasema hutiwa chumvi.

"Waliohesabu ndio waliochoma vyakula," akasema kijana wa hesabu. Kweli. Njaa iliyofuata iliua watu walioanguka njiani na vichakani, mbali na ofisi yoyote yenye daftari. Kwa hiyo kwenye ubao, chini ya "alijuaje", binti akaongeza kwa chaki ya bluu: "na ambaye hakuhesabiwa ni nani?" Nimeliacha swali hilo kama lilivyo. Kesho nitamwomba mwalimu wa zamu asilifute.

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Ningeweza kuwapa kazi ya nyumbani tukaagana. Lakini kijana wa Kitunda alikuwa ananitazama, na kengele ilikuwa bado, na mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakijui.

Nikawauliza, kati yetu humu, nani aliisambaza ile sauti? Nikainua mkono wangu kwanza.

Usiku ule wa Mei nilikuwa peke yangu ndani, umeme umekatika, mabati yanapiga. Klipu iliingia kutoka kwa mtu ninayemheshimu. Sikuisikiliza hata mpaka mwisho. Niliituma kwenye grupu la familia na nikaandika chini yake, kwa mkono wangu, "Tokeni, jamani, nendeni juu." Mama yangu anakaa Mchinga, karibu kabisa na maji. Ana miaka sitini na nane. Alibeba mjukuu mgongoni, mwingine kamshika mkono, akatembea gizani kwenye tope kwenda kwa jirani wa mlimani. Akateleza. Kifundo cha mkono wa kulia hakijanyooka vizuri mpaka leo. Kukuna nazi hawezi, ni watoto wanamkunia.

Niliwaeleza wanafunzi haya yote, bila kupunguza. Hakuna aliyecheka. Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, ikafika tisa. Kengele ikagonga na hawakutoka mara moja.

Jioni hii nilimpigia mama. Sijawahi kumwambia wazi kuwa ile sauti sikujua imetoka wapi. Tuliliacha likapita kama mambo ya kimbunga. Leo nikasema. Nikamwambia mama, nilikutumia kitu nisichokijua, nikakutoa nje usiku. Nisamehe.

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Mwanangu, ile sauti mimi nilishaisikia tangu magharibi," akasema. "Jirani alikuja nayo, na mtoto wa dukani alikuja nayo. Sikuondoka. Nikasema hawa wanajuaje, bahari naiona hapa. Nilivyoona umeituma wewe, mwalimu, ndiyo nikamfunga mtoto mgongoni."