Uso wa mtoto usikae kwenye mkunjo

Wachoraji wenzangu, kitabu cha picha cha watoto mara nyingi huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Kabla ya kugusa rangi, chora kitabu kizima kwa penseli, vijipicha vidogo kwenye karatasi moja, na uache nafasi ya maneno. Picha ikivuka kurasa mbili, usiweke uso katikati: mkunjo huumeza, pua ikapotea! Ongeza milimita 3 za picha kila ukingo, zitakazokatwa kiwandani, na picha iwe na ukali wa nukta 300 kwa inchi. Ile bluu kali ya skrini hufifia ikichapwa. Kwenye mkataba, uza ruhusa ya kuchapa tu. Hakimiliki na michoro halisi ibaki kwako.